Mapumziko Katika Pwani ya Mbali



Somo tunalowaomba mlifungue ni Marko 6:30–34. Mitume wamerudi kutoka safari yao ya kuhubiri. Wana habari tele za kusimulia, wana mavumbi miguuni, na katika siku zile zile imefika habari nzito ya kuuawa kwa Yohana Mbatizaji. Watu wanaingia, watu wanatoka, hata tonge halifiki kinywani. Ndipo Bwana anapowaondoa katika zile ghasia, anawapandisha katika mashua, anawavusha kwenda upande usio na makao ya watu, wapate pumziko japo kidogo. Kumbe umati umewaona, umezunguka kwa miguu, umetangulia kufika. Naye Bwana hafanyi hasira. Anawatazama wale watu, anaona hawana wa kuwachunga, moyo wake unawahurumia, basi anaketi kuwafundisha.

Somo hili tumelihubiri mara nyingi katika mtaa wetu. Mwaka huu limetujia kwa namna nyingine, kwa sababu ya siku mbili tulizokaa katika ufukwe mmoja wa kimya huko kusini mwa Australia ya Magharibi. Wengi wenu mmetuomba tuandike habari za safari ile. Tunaandika, lakini msitazamie orodha ya vyakula tulivyokula na magari tuliyopanda.

Kwa faida ya vijana, tueleze kwanza kwa nini tulikwenda huko. Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Alexander Chambers, alitoka katika Kanisa la Australia. Baadaye Alfred Stanway, naye Mwaustralia, alikuwa askofu tangu mwaka 1951 hata 1971. Pamoja nao walikuja walimu, wachungaji, na wauguzi ambao babu zetu waliwaita Sista, hata kama hawakuwa watawa. Wengi wao wamekwisha lala. Wachache waliobaki ni wazee sana. Mmoja wao, aliyefanya kazi ya uuguzi huku kwetu katika ujana wake, aliwaomba Wakristo wa kanisa lake watualike, naye akasema waziwazi kwamba anataka kusikia Kiswahili tena kabla hajaitwa nyumbani. Basi tulikwenda watu wanne mwezi wa Agosti: mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa, na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Nauli ililipwa na wenyeji wetu. Tunalisema jambo hili mapema ili lisitafutwe katika hesabu za mtaa.

Wiki ya kwanza tulihubiri. Asubuhi kanisani, mchana shuleni, jioni katika nyumba za wazee. Siku ya kumi mwinjilisti wetu alisinzia akiwa amesimama. Sista alimwona, akasema kwa Kiswahili chake cha zamani, kilicho safi kuliko chetu: "Sasa ninyi mtakwenda kukaa kimya. Hakuna atakayehubiri." Tulidhani anatania. Kesho yake tulipanda gari, na kutoka Perth mpaka mji wa Esperance ni kilomita 700 hivi, mashamba ya ngano na kondoo pande zote mbili za barabara, na mtu humwoni kwa muda mrefu.

Kutoka Esperance tulielekea mashariki mpaka katika hifadhi ya taifa iitwayo Cape Le Grand. Huko kuna ghuba iliyo mashuhuri, Lucky Bay, ambako kangaruu hushuka mchangani na kula mwani uliotupwa na mawimbi. Wakati wa joto, yaani Desemba na Januari, hujaa watu na mahema. Lakini Agosti kwao ni baridi, na tena Sista hakutaka tukae hapo. Alitupeleka katika hori dogo lililo jirani, liitwalo Thistle Cove. Siku zile mbili, mbali na sisi, tuliona watu watatu tu, nao walikuwa wapita njia wenye mabegi mgongoni.

Tuseme nini juu ya mahali pale? Mchanga ni mweupe kama unga wa sembe, mwororo, na ukiukanyaga unalia chini ya mguu. Majabali ni makubwa, ya mviringo, yamelala kama ng'ombe waliocheua. Sisi watu wa Ugogo tulijiona kama tuko kwetu, ila kwamba mbele ya majabali yale, badala ya mbuga kavu, kuna maji yasiyo na mwisho. Upande wa kusini, ukivuka visiwa vilivyo mbele ya pwani, hakuna nchi nyingine mpaka barafu za ncha ya kusini ya dunia. Upepo unatoka huko. Tulivaa makoti mawili mawili. Mzee wetu wa kanisa, ambaye alikuwa hajaona bahari maishani mwake, alisimama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama maji yote hayo kweli ni ya chumvi, akayaonja, akatikisa kichwa. Kwetu mwanamke huamka usiku kufuata ndoo moja, na hapa kuna maji yote haya, wala hayanyweki! Tulimcheka, lakini alilosema si la kuchekwa.

Siku ya kwanza ilitushinda. Tunawaambia ukweli: kukaa kimya ni kazi ngumu kwa watu wa kanisa. Saa moja haikupita, mwinjilisti alikwisha toa daftari lake apange mahubiri ya Jumapili. Mchungaji alitafuta simu yake, na katika pembe ile simu hazikushika mtandao. Mama alitaka kufua. Sista alichukua daftari, akalikalia. Akasema Bwana aliwapeleka wale mitume wapumzike, wala hatusomi kwamba aliwapeleka huko kufanya mkutano wa tathmini.

Na kwa kweli, wapendwa, tutazame jinsi Maandiko yanavyosema juu ya uchovu. Eliya alipokimbia mbele ya Yezebeli akajilaza chini ya mti, akiomba afe, Mungu hakumjibu kwanza kwa hotuba. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akampa usingizi tena, akampa chakula tena. Maneno yalikuja baadaye, mlimani, na yalikuja kwa sauti ndogo (1 Wafalme 19). Sisi huanza na maneno. Mtu akija kwetu amechoka, tunamwongezea kamati. Mwinjilisti mmoja katika mtaa huu ana makanisa manne na baiskeli moja, na tukikutana naye tunamsifu kwa bidii yake, kana kwamba sifa ni chakula. Tena akina mama: wakitoka ibadani Jumapili, wanaume huketi kivulini kuzungumza mahubiri, nao wanakwenda kuteka maji, kukata kuni na kupika. Amri ya Sabato haikusema mwanamume apumzike na mkewe amhudumie akiwa amepumzika. Hebu wanaume wa mtaa huu wasome tena Kutoka 20 polepole.

Jioni ya siku ile Sista alitusimulia habari za majina ya pwani ile, na hapo ndipo ilipo sehemu ya safari hii tunayotaka mwifikirie hasa.

Katika mwezi wa Desemba mwaka 1792, merikebu mbili za Wafaransa zilisukumwa na dhoruba katika pwani ile yenye visiwa zaidi ya 100 na miamba isiyohesabika. Ziliokoka, zikatia nanga. Moja iliitwa La Recherche, maana yake Kutafuta, na ya pili iliitwa L'Espérance, maana yake Tumaini. Mji wa Esperance una jina la ile ya pili mpaka leo, na visiwa vile vina jina la ile ya kwanza. Kutafuta na Tumaini, zimekwenda pamoja, chini ya mkuu mmoja, d'Entrecasteaux.

Walikuwa wakimtafuta nani? Mwaka 1788 nahodha mwenzao, La Pérouse, aliondoka Botany Bay, upande wa pili wa Australia, akiwa na merikebu mbili, nazo hazikuonekana tena. Miaka ikapita bila habari. Mwaka 1791 d'Entrecasteaux akatumwa kuzunguka bahari zile na kuwatafuta. Walipokuwa pale Esperance wakapotewa tena na mtu wao mmoja, Riche, mtaalamu wa viumbe, aliyeshuka nchi kavu akapotea kwa muda wa siku mbili hivi. Walitafuta, wakaanza kukata tamaa, kisha akaonekana akiwa hai, amechoka kabisa. Fikirini furaha iliyokuwa merikebuni usiku ule! Lakini wale waliotumwa kuwatafuta hawakuwapata. Mwaka 1793 walipita karibu na kisiwa kimoja katika bahari ya Pasifiki, wakakiona kwa macho, wakakipa jina la merikebu yao, Kutafuta, wakaendelea na safari bila kushuka. Miezi michache baadaye d'Entrecasteaux akafa baharini. Na kisiwa kile kilikuwa Vanikoro. Ndicho kisiwa ambacho merikebu za La Pérouse zilivunjikia miamba yake. Habari ilijulikana baada ya miaka zaidi ya thelathini, mwaka 1826 na 1827, nahodha Peter Dillon alipopata mabaki, na wenyeji wakamsimulia kwamba baadhi ya mabaharia waliokoka na kuishi kisiwani kwa muda.

Walipita karibu, wakaliacha mahali penyewe nyuma yao.

Si haki kumlaumu mkuu yule kupita kiasi. Alikuwa na wagonjwa, na miamba ya bahari ile ni mauti. Sisi tuliokaa vitini tusiwe wepesi wa kuhukumu watu wa dhoruba. Hata hivyo, habari ile ilitunyamazisha. Yule mama aliyekuwa pamoja nasi aliweka kikombe chake chini, akauliza: "Sista, walikiona kisiwa, hawakushuka?"

"Hawakushuka, mama."

"Wangeshuka tu," akasema. "Hata kwa saa moja. Wangeshuka tu."

Hakusema zaidi, akaingia kulala.

Sista aliendelea na jina la mahali tulipoketi. Mnamo tarehe 9 Januari mwaka 1802 nahodha Mwingereza, Matthew Flinders, alifika pwani ile na merikebu yake Investigator. Jioni ilikuwa inaingia, mbele na nyuma ni miamba, naye akaelekeza merikebu moja kwa moja kwenye nchi kavu akitumaini kupata mahali pa kujisitiri. Akaipata ghuba. Akaiita Lucky Bay, Ghuba ya Bahati. Na hori la jirani akalipa jina la mwongoza merikebu wake, John Thistle. Basi tarehe 21 Februari mwaka ule ule, mbali zaidi mashariki, Thistle na wenzake saba walitumwa na mashua ndogo kwenda nchi kavu kutafuta maji ya kunywa. Waliporudi magharibi ilikuwa imefika. Mashua ilionekana, kisha haikuonekana. Walitafuta kwa taa, hawakusikia sauti. Kesho yake walipata mashua imevunjika, lakini watu wote wanane hawakupatikana.

Wiki sita tu tangu siku ya Bahati! Ndiyo maana tunawasihi, wapendwa, tuliache neno hili bahati tunapoomba na kushukuru. Mtu akipona ajali ya basi husimama kanisani akasema ana bahati, na pale pale katika benchi la nyuma ameketi mjane wa yule ambaye hakupona. Mjane aseme nini? Kwamba mumewe hakuwa na bahati? Zaburi ya 107 inawataja waendao baharini, dhoruba inayowapandisha na kuwashusha, na shukrani yao wanapofika bandarini. Lakini shukrani hiyo wanaitoa kwa rehema ya Mungu, na rehema ya Mungu iko pia na yule aliyezama. Kuna shukrani inayomjeruhi jirani, nayo si shukrani ya Kikristo.

Lakini tazameni alichofanya Flinders baadaye. Hakuweza kuwarudisha. Alichukua visiwa vya pale karibu, vilivyo vidogo kwa vikubwa, akavipa majina yao: kisiwa cha Thistle, kisiwa cha Taylor, na vingine kwa majina ya mabaharia wa kawaida ambao hakuna mtu angewakumbuka. Hori lililokuwa karibu akaliita Memory Cove, Hori la Kumbukumbu, akaacha hapo bamba la shaba lenye maandishi juu yao. Ramani za leo zinayo majina hayo bado. Vijana waliotumwa kuchota maji, ambao huko kwao pengine walikuwa watu wa chini kabisa, wametajwa kwa zaidi ya miaka 200 na kila mwenye kusafiri bahari ile.

Usije ukadhani, ndugu msomaji, kwamba kabla ya hawa wote pwani ile haikuwa na majina. Huo ni uongo tuliozoea kuusikia hata huku kwetu, kwamba mlima fulani uligunduliwa mwaka fulani na mtu fulani, nao babu zetu walikuwa wakichunga mbuzi chini yake. Nchi ile ni ya watu wa Noongar, na mahali pa mji wa Esperance wao hupaita Kepa Kurl, yaani mahali ambapo maji yamelala yamepinda kama bumerangi, lile gongo lao la kutupa. Mwaka 2014 mahakama ilithibitisha haki yao ya asili katika nchi ile. Kwa hiyo tulipouita ufukwe ule mahali pasipo watu, tulikuwa tukisema tu kwamba sisi hatukuwaona. Hata wale mitume walidhani wanakwenda mahali patupu, na waliposhuka mashuani wakakuta maelfu.

Basi tusilitafute pumziko katika kuwakimbia watu. Hakuna pembe ya dunia iliyo mbali kiasi hicho. Wenyeji walituambia kwa kicheko kwamba mwezi wa Julai mwaka 1979 kile chombo cha Wamarekani cha angani, Skylab, kilipoanguka, vipande vyake viliangukia nchi ya Esperance, na halmashauri yao ikawatoza Wamarekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa takataka. Faini ililipwa mwaka 2009, tena kwa mchango wa wasikilizaji wa redio! Zaburi ya 139 ilikwisha sema juu ya mtu anayefikia pande za mwisho za bahari. Hata huko mkono wa Mungu umemtangulia kufika.

Siku ya pili kulikuwa shwari. Asubuhi tuliona nyangumi wawili, mama na mtoto, wakipumua maji juu, hawana haraka yoyote. Nyangumi wa aina ile waliwindwa katika karne ya kumi na tisa mpaka wakakaribia kwisha, na tangu mwaka 1935 wamelindwa kwa mapatano ya mataifa. Siku hizi kila mwaka katika miezi ya baridi wanarudi kuzaa katika pwani za kusini. Daftari la mwinjilisti lilibaki kwa Sista, na hakulidai. Tulilala mchana, jambo ambalo mchungaji hajalifanya tangu alipotiwa mikono. Tulikula samaki. Tulikaa.

Na ilipofika alasiri, mama yule alianza kusema jina la mwanawe.

Ametupa ruhusa kuandika habari hii, ila jina tumeliacha. Kijana wake wa pili aliondoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita kwenda kutafuta kazi migodini. Alituma salamu mara mbili, kisha kimya. Wengi wenu mnakumbuka kwamba jina lake lilikuwa likisomwa katika maombezi, kisha likaacha kusomwa. Mama mwenyewe ndiye aliyemwomba mwinjilisti alitoe, kwa sababu kila Jumapili lilipotajwa watu waligeuka kumtazama, na waliokuwa na nia njema walimfuata nje na kumwuliza kama kuna habari. Hakuwa na habari. Alichoka kujibu. Tangu hapo alijitia katika kazi za kanisa: kwaya, wagonjwa, mapambo ya madhabahu, vitafunio vya semina. Hakuna mama aliyefanya kazi kama yeye katika mtaa huu, nasi sote tulimsifu.

Pale ufukweni hapakuwa na kazi. Alitueleza hivi: "Nilipokosa cha kushika mkononi, yeye akaja." Akalitaja jina kwa sauti, akitazama majini, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu, kama mtu anavyomwita mtoto aje kula. Hakuna aliyemzuia. Mzee wa kanisa alivua kofia. Kisha mama akamgeukia mchungaji, akasema: "Mchungaji, lile jina lirudishwe. Wakinitazama, wanitazame."

Tangu tuandike habari hii hakuna salamu iliyofika. Wala hatumwahidi mama huyu kitu ambacho Bwana hakukiahidi. Twajua kwamba mchungaji wa ule mfano wa Luka 15 hutafuta mpaka aone. Luka hakutaja idadi ya siku. Twajua pia kwamba merikebu ile ya Tumaini haikusafiri peke yake. Tumaini lisilotafuta ni usingizi tu, na kutafuta kusiko na tumaini kunamla mtu mwili na roho, kama kulivyokuwa kunamla mama huyu chini ya zile kazi zote njema.

Hapo ndipo tulipoielewa ile mashua ya Marko 6. Tulikuwa tukidhani kwamba mapumziko ya mitume yaliharibika, kwa sababu umati uliwahi kufika. Lakini someni tena: ni baada ya kuondoka katika zile ghasia ndipo Bwana anapowatazama watu na kuona hali yao. Katika ghasia walikuwa wanaingia na kutoka, nyuso juu ya nyuso. Kule ng'ambo wakawa kondoo, na kondoo huhesabiwa. Mchungaji aliyechoka hahesabu. Anafungua zizi, anafunga zizi. Akipumzika anakumbuka kwamba jana walikuwa mia.

Tunajua wengine mtasema: ninyi mlipandishwa ndege, sisi tukapumzike wapi? Ni neno la haki. Lakini Bwana hakuwapeleka mitume Rumi wala Misri. Aliwavusha ziwa lililokuwa mbele ya macho yao, safari fupi kiasi kwamba watu wa miguu waliwahi kufika kabla yao. Mtaa wetu una majabali, una mibuyu, una makorongo ambayo wakati wa kiangazi hayapitwi na mtu. Jua lilipozama pale Thistle Cove tulihesabu kwamba huku kwenu bado ni mchana, maana wao wamewatangulia kwa saa tano. Na tulijua mko juani, mnalima au mnafuata maji. Tulitamani kila mmoja wenu apewe saa moja tu ya kimya kama ile, bila daftari.

Kwa hiyo baraza la kanisa limekubaliana mambo mawili. La kwanza, kila mwinjilisti atakuwa na juma moja la mapumziko katika kila miezi minne, na makanisa yake yatahudumiwa na wazee wa kanisa kwa zamu; zamu zimebandikwa mlangoni. Wanaume wa kila kanisa wanaombwa pia wapange siku moja ambayo wao watateka maji na kupika, ili Umoja wa Akina Mama wapate kwenda kukaa mahali watakapochagua, bila semina na bila mgeni rasmi.

La pili, kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, katika maombezi yatasomwa majina ya watu wa nyumba zetu walioondoka na ambao hatujui waliko: waliokwenda migodini, mijini, baharini, na walioacha kanisa kwa ugomvi wakiwa bado wanaishi kijiji hiki hiki. Daftari limefunguliwa, na jina la kwanza limekwisha andikwa. Mwenye jina alipeleke kwa mwinjilisti wa kanisa lake au kwa katibu wa mtaa kabla ya Jumamosi. Si lazima kueleza habari zake, wala hakuna atakayeulizwa kitu mlangoni baada ya ibada. Wasiojua kuandika wataandikiwa.